Wastani Hauna Jina

Juu ya kabati la mama kuna bahasha ya kaki ambayo hakuna anayeruhusiwa kuitupa. Ndani yake mna filamu mbili kubwa nyeusi, kila moja ikiwa na vipicha 20 vya kichwa cha mdogo wangu, vimepangwa safu kwa safu kama vipande vya mkate, pamoja na ukurasa mmoja wa ripoti. Ripoti imeandikwa kwa Kiingereza na ina mistari sita. Mstari wa mwisho unasema ubongo ni wa kawaida na hakuna kasoro iliyoonekana. Daktari aliyekuwa zamu siku ile aliinua filamu moja kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kidogo, akatufupishia yote kwa maneno matatu: "Picha iko safi."

"Alhamdulillahi," mama alisema, akakaa chini.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 17, kidato cha nne. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisikia watu wawili, mwanamume na mwanamke, wakimjadili. Aliacha kula chakula cha nyumbani. Alifunika kioo cha bafuni kwa gazeti. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa ameshatutajia jina, skizofrenia, na alishamwandikia vidonge. Kipimo cha MRI kiliagizwa ili kuhakikisha hakuna kitu kingine kichwani, lakini sisi hatukulielewa hivyo. Sisi tulielewa kwamba tunakwenda kuuona ugonjwa wenyewe. Mama alikopa kwenye kikoba chake kwa ajili hiyo, na mkopo ule ulimchukua mwaka mzima kuumaliza.

Tulipofika nyumbani, mjomba alisikiliza habari yote akatikisa kichwa. "Nilisema mimi," alisema. "Ingekuwa ya hospitali, ingeonekana."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Vidonge viliachwa wiki ileile. Mdogo wangu akapelekwa kwa mganga, mbali na nyumbani, akakaa huko miezi saba. Aliporudi, vifundo vya mikono yake vilikuwa na alama za kamba ambazo hazijafutika hadi leo.

Miaka minne baadaye, nikiwa chuoni, niliiona picha nyingine. Ilirushwa ukutani katika somo la saikolojia ambalo nililichukua kwa sababu ninazozijua mimi. Ilionyesha bongo mbili zikitazamwa kwa ubavu. Upande mmoja kulikuwa na ubongo wa vijana wazima, sehemu kubwa ikiwa ya bluu. Upande wa pili kulikuwa na ubongo wa vijana wenye skizofrenia, umetapakaa wekundu na waridi. Pembeni kulikuwa na kipimo cha rangi kinachoonyesha upungufu kwa mwaka, kuanzia sifuri hadi asilimia 5. Msichana aliyekaa mbele yangu alimnong'oneza mwenzake, "Maskini, unaungua." Nilitoka kabla kipindi hakijaisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa na picha mbili kichwani. Moja ilituambia kwamba mdogo wangu hana kitu. Nyingine iliniambia kwamba ubongo wake unateketea. Zote mbili zimetoka kwenye mashine ya aina moja. Mimi nimesomea fasihi, si tiba, na nilichofundishwa ni kuliuliza andiko maswali: nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha gani, na ameacha nini nje. Nimejaribu kuziuliza picha hizi maswali hayohayo.

*

Kwanza niseme zilichokuja kukitengeneza, kwa sababu si haki kuzilaumu bila kukumbuka kilichokuwapo kabla yake.

Mwaka 1927, madaktari wawili wa Kijerumani, Jacobi na Winkler, waliandika kuhusu picha za ubongo wa wagonjwa wa skizofrenia. Wakati huo eksirei haikuweza kuuona ubongo, kwa sababu nyama laini haitoi kivuli cha maana. Njia iliyotumika ilikuwa kuchoma sindano mgongoni, kutoa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kuingiza hewa mahali pake. Hewa ilipanda kichwani, ikajaza vyumba vya ndani ya ubongo, na eksirei ikaonyesha umbo la vyumba hivyo. Mgonjwa aliachwa na maumivu makali ya kichwa. Vyumba vilionekana vikubwa kuliko kawaida, lakini kipimo kilikuwa cha mateso kiasi kwamba haikuwezekana kuwapima watu wazima wengi wa kulinganisha nao.

Kisha yakaja maelezo mengine. Mwaka 1948, nchini Marekani, Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama anayezalisha skizofrenia kwa mtoto wake kwa namna anavyomlea. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mama aliyempeleka mwanawe hospitali aliweza kutoka mlangoni akiwa ameambiwa kwamba yeye ndiye ugonjwa. Nikimfikiria mama yangu, aliyekuwa akionja kila sahani mbele ya mwanawe ili kumwonyesha kwamba haina sumu, nashukuru kwamba hatukuishi zama hizo. Ingawa zama hizo zina namna ya kurudi. Mtaani kwetu walisema mama alimdekeza.

Mwaka 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Ndiyo mwanzo wa sitiskani. Mwaka 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kufikiria hesabu za kazi hiyo akiwa Cape Town. Mashine ilipiga mionzi kutoka pande nyingi na kompyuta ikajenga upya umbo la ndani. Hakukuwa na sindano wala hewa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao wa Northwick Park, London, walichapisha makala mafupi katika jarida la Lancet. Walikuwa wamewapima wagonjwa 17 waliokaa wodini kwa miaka mingi, wakawalinganisha na watu wazima 8. Vyumba vya maji vya wagonjwa vilikuwa vikubwa zaidi, na wale wenye vyumba vikubwa zaidi ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri.

Watu 25 tu. Lakini ukiisoma kazi hiyo kwa wakati wake, ni kama shahidi aliyesimama mahakamani baada ya miaka 30 akasema: mwacheni huyu mama. Hilo ni jema kubwa, na uhakiki wowote wa picha za ubongo usioanza na jema hilo unakosa adabu.

*

Tatizo linaanza pale shahidi anapoombwa kumtambua mtu mmoja.

Machi 1981, John Hinckley alimpiga risasi Rais Ronald Reagan jijini Washington. Katika kesi yake ya mwaka 1982 mawakili wake walitaka kuwaonyesha wazee wa baraza sitiskani ya kichwa chake, kama sehemu ya ushahidi kwamba alikuwa na skizofrenia. Upande wa mashtaka ulipinga, jaji akasita, mwishowe akairuhusu. Mtaalamu wa upande wa utetezi alisema ubongo unaonekana umesinyaa kuliko inavyotarajiwa kwa kijana wa umri ule. Mtaalamu wa upande wa mashtaka aliitazama picha ileile akasema ni ya kawaida. Tarehe 21 Juni 1982 Hinckley alionekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hatuwezi kujua picha ilichangia kiasi gani katika uamuzi ule. Tunachojua ni kwamba filamu moja ilisomwa na wataalamu wawili walioapa kusema kweli, wakatoka na majibu mawili.

Ukisoma shairi moja ukapata maana mbili, utasema shairi ni pana. Filamu ya hospitali hatuipi nafasi hiyo. Tunadhani inasema kitu kimoja, na kwamba asiyekiona hana elimu. Ndivyo nilivyodhani nikiwa nimesimama dirishani na yule daktari wa zamu. Nilidhani yeye anaona.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ilitoka mwaka 1990, katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI mapacha wa yai moja, jozi 15, ambapo katika kila jozi mmoja ana skizofrenia na mwenzake hana. Kisha waliziweka picha za kila jozi pamoja na kujaribu kumtambua mgonjwa kwa macho, bila kuambiwa ni yupi. Katika jozi 12 walimpatia. Katika 2 hawakuona tofauti yoyote. Katika 1 walimtaja mzima kuwa ndiye mgonjwa.

Naipenda kwa sababu ni nyofu. Inaonyesha kwamba kuna kitu kweli, kwani 12 kati ya 15 si bahati tu. Papo hapo inaonyesha jinsi kitu hicho kilivyo kidogo: ili jicho likione, linahitaji mtu mwenye ubongo unaokaribiana kabisa na wa mgonjwa ukae pembeni yake. Hata hapo linaweza kuelekeza kidole kwa asiyestahili. Mdogo wangu hana pacha. Filamu yake ilisomwa peke yake, kama zinavyosomwa filamu karibu zote duniani.

*

Sasa niirudie ile picha ya ukutani.

Ilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Akademia ya Sayansi ya Marekani na Paul Thompson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Judith Rapoport na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Kabla yake, picha nyingi zilikuwa za watu wazima ambao ugonjwa umewakaa muda mrefu. Hizo ni kama kuingia nyumbani baada ya ugomvi kwisha: unaona vyombo vimevunjika lakini hujui nani alianza. Kundi la Rapoport lilikuwa likiwafuatilia watoto walioanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 13, jambo ambalo ni adimu sana. Kwa kazi hii walichukua vijana 12 wenye ugonjwa na 12 wazima, wakawapiga picha mara tatu katika kipindi cha miaka mitano, wakati wa balehe.

Walichokiona ni kwamba sehemu ya kijivu ya ubongo, ambako chembe za neva zimejazana, ilipungua kwa haraka zaidi kwa vijana wagonjwa. Upungufu ulianzia nyuma, kwenye eneo la utosi, kisha ukasogea mbele na pembeni kadiri miaka ilivyokwenda, kama maji ya bamvua yanavyopanda ufukweni. Hii ndiyo nguvu ya picha ile. Iliuleta muda ndani ya fremu. Iliufanya ugonjwa uwe hadithi yenye mwanzo na mwendo.

Lakini hadithi ina msimuliaji, na msimuliaji huyu amechagua rangi. Mashine ya MRI haitoi rangi. Inatoa kijivu, kama filamu za bahasha ya mama. Rangi huwekwa baadaye na kompyuta, kwa mpangilio uliochaguliwa na mtu. Ingewezekana upungufu upewe kijani na uthabiti upewe njano, na hesabu zisibadilike hata kidogo. Waliuchagua wekundu, na wekundu kwetu sote ni damu, moto na taa ya kusimama. Yule msichana aliyesema "unaungua" hakukosea kusoma. Alisoma alichoandikiwa.

Jambo la pili ni neno "upungufu". Ubongo wa kila kijana hupunguza kijivu chake wakati wa balehe. Wangu ulipunguza, wako pia. Mwaka 1982, Irwin Feinberg alitoa wazo ambalo bado linajadiliwa: kwamba ubongo wa mtoto huwa na sinapsi nyingi mno, yaani viungio kati ya chembe na chembe, na balehe ni msimu wa kuzipogoa kama mkulima anavyopogoa mti, na kwamba huenda katika skizofrenia upogoaji huo unakosea. Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa vinasaba uliohusu jeni iitwayo C4 ulilipa wazo hilo uzito mpya. Kwa hiyo tofauti kati ya bongo zile mbili za ukutani ni tofauti ya kasi katika safari ambayo wote wanasafiri. Picha inaifanya ionekane kama mmoja ametulia nyumbani na mwingine anatumbukia korongoni.

Na MRI haihesabu chembe. Inapima ishara zinazotoka hasa kwenye maji ya mwilini, na kompyuta inakisia mpaka kati ya kijivu na cheupe. Mpaka huo unaweza kusogea kwa sababu chembe zimepungua, au viungio vimepogolewa, au utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva umeongezeka, au dawa zimefanya kazi yake. Hili la dawa waandishi wenyewe waliliona. Walipima pia vijana wengine waliotumia dawa za aina hiyo bila kuwa na skizofrenia, wakakuta upungufu wao ni mdogo zaidi. Lakini maelezo hayo yamo ndani ya makala. Picha ilitoka kwenye makala, ikaingia kwenye vitabu na kwenye kuta za madarasa, na maelezo yakabaki nyuma.

Kuna kitu kingine kilichobaki nyuma. Kundi lilelile la Rapoport liliendelea kuwafuata watoto hao na wengine waliojiunga, na mwaka 2006 likaripoti kwamba kadiri walivyoingia utu uzima, tofauti kwenye eneo la utosi zilififia, zikabaki zile za mbele na za pembeni, kama zinavyoonekana kwa watu wazima. Bamvua lilipanda na mahali pengine likashuka. Picha hiyo ya pili sijawahi kuiona ikirushwa ukutani.

*

Mwaka 2007 kundi hilo lilichapisha kazi nyingine, na hii niliisoma nikiwa nimekaa kitandani usiku, nikarudia mara tatu. Safari hii waliwapiga picha ndugu wa damu wa watoto wale wagonjwa. Ndugu 52, wote wazima wa akili. Katika umri mdogo, ndugu hao nao walikuwa na upungufu wa kijivu kwenye baadhi ya maeneo yaleyale ya mbele na pembeni. Walipofika miaka 20, tofauti ilikuwa imetoweka.

Mimi ndiye ndugu mzima. Sijawahi kupigwa picha ya ubongo na hakuna aliyewahi kuniagizia. Lakini nilipokuwa na miaka 14, wakati mdogo wangu ana 11 na tunalala chumba kimoja, inawezekana kabisa kwamba vichwa vyote viwili kwenye mito ile vilikuwa na alama zinazokaribiana. Kimoja kikajirekebisha njiani, kingine hakikuweza, na hakuna mwenye chumba kile aliyefanya jambo la kustahili sifa au lawama.

Utafiti ule ulinitoa kwenye kiti cha mtazamaji. Nilikuwa nimezoea kusimama upande wa ubongo wa bluu.

*

Kwa watu wazima, sayansi yenyewe imejifunza unyenyekevu kwa njia ya wingi. Mwaka 2016 mradi wa kimataifa uitwao ENIGMA ulikusanya picha za wagonjwa 2,028 na wazima 2,540 kutoka vituo mbalimbali. Hakuna tena 12 kwa 12. Moja ya tofauti kubwa iliyopatikana ilikuwa kwenye hipokampasi, sehemu ndogo ya ndani inayohusika na kumbukumbu, ambayo kwa wagonjwa ni ndogo zaidi kwa wastani. Hakuna shaka kwamba tofauti ipo. Lakini igeuze hesabu ile iwe maisha ya mtaani. Ukichukua kwa bahati nasibu mgonjwa mmoja na mzima mmoja, ukakisia kwamba mwenye hipokampasi ndogo ndiye mgonjwa, utapatia takriban mara 63 katika 100. Ukirusha shilingi utapatia 50.

Hapo ndipo penye jibu la bahasha ya mama. Wagonjwa wengi sana wana ubongo ambao, ukitazamwa peke yake, umo ndani ya kawaida ya binadamu, na wazima wengi wana hipokampasi ndogo kuliko zao. Wastani ni kitu cha kweli, lakini wastani haukai kitandani, hauombi maji, hauna jina. Ukiuchukua ukaupachika kwenye uso wa mtu mmoja, umemtungia mtu huyo sura ambayo si yake.

Kuna habari ya dawa pia, ambayo naiandika kwa tahadhari. Mwaka 2011 Beng-Choon Ho, Nancy Andreasen na wenzao wa Iowa waliripoti juu ya wagonjwa 211 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka saba hivi: waliopewa dawa nyingi zaidi za kutuliza akili ndio waliopungukiwa zaidi na tishu ya ubongo, hata baada ya ukali wa ugonjwa kuzingatiwa. Miaka michache kabla, nyani waliopewa dawa hizo kwa zaidi ya mwaka nao walionekana na ubongo mwepesi zaidi. Kwa hiyo sehemu ya ule wekundu tunaousoma kama ugonjwa inaweza kuwa alama ya tiba. Wapo watakaolisoma hilo kama ruhusa ya kutupa vidonge. Mimi nimeona miezi saba bila vidonge inafananaje, na sitampa mtu yeyote ruhusa hiyo. Nasema tu kwamba mama mwenye haki ya kuonyeshwa picha ana haki pia ya kuambiwa kila kinachoweza kuwa kimeichora.

*

Nimebakiwa na andiko moja la kuhakiki, nalo ni ile ripoti ya mistari sita.

Kama andiko la daktari kwa daktari mwenzake, haina kosa. Kipimo kile hakikuagizwa ili kuona skizofrenia, kwa sababu hadi leo hakuna picha ya ubongo inayoweza kuitambua kwa mtu mmoja. Kiliagizwa ili kuondoa mengine: uvimbe, damu iliyovuja, maambukizi, au vifuko vya mabuu ya tegu wa nguruwe ambavyo huku kwetu Afrika Mashariki hukutwa kwenye ubongo wa watu wengi kuliko tunavyodhani, hata wasiokula nguruwe, kwa kuwa mayai yake huenezwa na mikono na chakula kichafu. Ripoti ilisema hayo yote hayapo. Ilikuwa habari njema na ya kweli.

Lakini andiko lile lilikuwa na wasomaji wawili, na wa pili hakufikiriwa. Neno "safi" lilivuka meza ya daktari likiwa na maana moja, likatua kwa mama likiwa na nyingine. Kwa daktari, safi maana yake ni kwamba tulichokitafuta hakipo. Kwa mama, na kwa mjomba, na kwa mtaa mzima, safi maana yake ni kwamba hana kitu. Na kijana asiye na kitu anayezungumza na watu wasioonekana ana maelezo mawili tu mtaani kwetu: anajifanya, au amechezewa. Tulikosa sentensi moja tu, ambayo ingechukua sekunde kumi: "Mama, mashine hii haiwezi kuuona ugonjwa wa kijana wako, na kutouona hakumaanishi hauko, endeleeni na dawa." Sisemi hivi ili kumshitaki yule daktari. Nje ya mlango wake kulikuwa na foleni hadi getini.

Mdogo wangu sasa ana miaka 24. Anachomwa sindano kila mwezi, na siku za sindano anakuwa mzito kidogo, kisha anarudi. Mchana anatengeneza feni na redio za majirani kwenye baraza. Sauti hazijaondoka zote, ila anasema sasa ni kama redio ya nyumba ya pili.

Mwaka 1995 watafiti wa London walichapisha kazi ambayo nilimsimulia. Waliwalaza wagonjwa sita kwenye mashine ya aina nyingine, wakawapa kitufe, wakawaambia wabonyeze kila wanaposikia sauti. Mashine ilirekodi ni sehemu gani za ubongo zinaamka kila kitufe kinapobonyezwa. Mmoja wa watafiti hao, Chris Frith, alikuwa pia kwenye kazi ile ya mwaka 1976. Nilimwambia kwamba mimi, katika picha zote nilizozisoma, naona hiyo ndiyo yenye heshima zaidi, kwa sababu bila mgonjwa kusema sasa, picha isingekuwepo.

Alisikiliza huku akikaza skrubu. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka saba hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisema siku ile ya MRI, ndani ya ile mashine, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba wale watu wawili walinyamaza. Dakika zote zile hakuwasikia. Alitamani asitolewe.

"Hiyo kwenye ripoti haipo?" aliuliza.

Nilipanda kwenye stuli, nikaishusha bahasha, nikaisoma tena mistari sita yote. Nikamwambia haipo. Akaniambia niandike. Nilichukua kalamu, na chini ya mstari wa mwisho, kwa Kiswahili, nikaandika tarehe ya siku ile na maneno yake. Mama alikuja akaitaka karatasi, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kile kilichoandikwa kwa lugha yake. Kisha akairudisha bahasha juu ya kabati.